Picha 140, zikabaki 17

Kwa miaka mitano kazi zangu za kupiga picha zilikaa Instagram, na sikuona ubaya wowote. Mwaka jana ofisi moja hapa Dodoma ikaniambia, "Tutumie tovuti yako." Nikajibu kesho. Kesho hiyo ikachukua wiki tatu.

Toleo la kwanza naona hata aibu kulisimulia. Mandhari meusi, maandishi ya dhahabu, jina langu linazunguka, muziki unaanza wenyewe. Nikajaza picha 140: sendofu, vipaimara, mahafali ya UDOM, mavuno ya zabibu Hombolo, ngoma za Wagogo, mpaka picha za pasipoti. Nikamtumia shangazi yangu aliyeko Mpwapwa. Jioni akanipigia: "Mwanangu, nimefungua hicho kitu chako, nimeona jina lako linazunguka, mara bando limekwisha."

Nilicheka, kisha nikapiga hesabu. Picha moja ya kamera yangu ina upana wa pikseli 6000 na uzito wa MB 9 hivi. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa na picha 30. Hizo ni MB 270 kwa mtu aliyetaka kuchungulia tu! Nikazipunguza zote, upande mrefu pikseli 1600, JPEG ya ubora wa 80 kati ya 100, nyingi zikashuka hadi KB 250. Kwenye simu huoni tofauti. Picha za chini nikazipangia zisipakuliwe mpaka msomaji azifikie.

Kuchuja ndiko kulikonitoa jasho. Picha ya mbuyu usiku naipenda kwa sababu niliifuata njia ya Kondoa nikiwa na homa, lakini mteja haioni homa. Nikamwita jirani yangu, dada mshonaji wa Majengo, nikamwekea kompyuta mbele: nikionyesha picha, sema ibaki au itoke, usifikiri. Mbuyu wangu akautoa papo hapo. Nikabishana naye.

"Kaka, mti upo. Watu wako wapi? Si unapiga picha za watu?"

Sikuwa na jibu. Zikabaki 18. Nikawatafuta wenye sura zao kuomba ruhusa. Bibi harusi mmoja akakataa, basi 17.

Rangi nazo zilinisumbua siku mbili. Kitenge chekundu cha sendofu kilionekana kama kimefuliwa mara mia. Kumbe nilikuwa nahifadhi picha kwa Adobe RGB, mpangilio wa rangi unaofaa zaidi kwa uchapishaji. Nilipobadili kuwa sRGB, ule unaotumika mtandaoni, wekundu ukarudi.

Mengine yalikuwa mepesi. Mandhari meupe, aina moja ya herufi, safu mbili kwenye kompyuta na moja kwenye simu, kitufe cha WhatsApp chini, jina linaloishia .co.tz. Muziki nikauzima, na sijaukumbuka. Inayofungua ukurasa ni mikono ya bibi mmoja anayechuma zabibu, udongo umemjaa kwenye kucha. Niliipiga asubuhi mapema, kabla jua la Dodoma halijaanza kuunguza kila kitu kikawa cheupe.

Nikamtumia tena shangazi, na safari hii nikamwekea na bando. Ukurasa mzima haufiki MB 5. Dakika mbili hazijaisha, simu ikaita.

"Sasa imefunguka yote. Nimeangalia mpaka mwisho. Mbona mimi simo?"