Siku moja na mtu anayelisha nzi kwenye kabichi

Saa 12:30 asubuhi. Umande haujakauka, suruali imeshalowa hadi magotini. Wapita njia wakiniona nimeinamia giligilani iliyochanua hudhani napamba shamba. Mmoja aliwahi kuniuliza kama nauza maua ya harusi.

Saa 1. Nakagua mistari ya giligilani na shamari iliyopita katikati ya matuta ya kabichi. Sikuichagua kwa uzuri wake, bali ilishe wadudu wanaoua vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya kabichi. Maua yake ni madogo na yako wazi, hata mdudu mwenye mdomo mfupi anaifikia nekta. Maua ya bustani yenye petali tabaka kwa tabaka hayanifai kitu. Na si kila ua ni rafiki: nondo wa kabichi naye hunywa nekta, nikikosea mmea nimemlisha adui.

Saa 2 hadi saa 4 ni kuhesabu wadudu. Vituo 10, mimea 5 kila kituo, kila jani linageuzwa. Mgongo unawaka.

Saa 4 na kitu hivi, msimamizi akatokea na pampu mgongoni, dawa imeshachanganywa.

"Dada, kabichi zinaliwa na wewe unalea maua! Vidukari vimejaa, na kuna viwavi vya kijani vinatambaa humo humo. Nimeviua kama 6."

Nikamwomba anionyeshe kidole. Ute wa kijani. Nikachuchumaa kwanza, maana ningesema nililotaka kusema ningefukuzwa.

"Mzee, hao uliowaponda ndio vibarua wangu."

Walikuwa watoto wa nzi wa maua, yule mwenye mistari ya njano na nyeusi kama nyigu, anayeelea hewani kama amening'inizwa. Mtoto wake hana miguu wala macho. Hupapasa kwa kichwa huku na huku, akigusa kidukari anamnyonya. Mmoja anaweza kumaliza mamia kabla hajawa bundo, yaani hajajifunga ili ageuke nzi.

"Kibarua gani anazaliwa katikati ya adui?"

Nikamweleza kwamba mama hutaga pale pale chakula cha mtoto kilipo. Yeye mwenyewe hali vidukari. Anakunywa nekta apate nguvu ya kuruka, anakula chavua mayai yakomae. Pasipo na maua anapita tu.

"Sasa mbona vidukari bado vipo?"

Swali zuri, nalichukia kila nikiulizwa. Wawindaji hufika baada ya windo, hawatangulii. Nikampa lenzi. Kwenye jani moja tulihesabu pamoja vidukari 20. 9 vilikuwa vimevimba, vikavu, rangi ya kahawia, kimoja kina tundu la mviringo mgongoni. Hapo alitokea kinyigu aliyetagwa ndani yake akiwa yai. Msimamizi alilitazama lile tundu muda mrefu.

"Basi nipulizie pembeni tu."

Dawa ile haichagui. Ingeua nzi, vinyigu na watoto wao, halafu vidukari vingerudi wa kwanza, kwa sababu majike yao huzaa bila dume, tena huzaa watoto walio hai. Tulibishana hadi jua likawa utosini. Akanipa mpaka Alhamisi. Pampu hakuimwaga, aliiweka kivulini, imejaa.

Mchana sikumbuki nilikula nini. Vibarua wa palizi, wale wa kweli, walikuwa wameshang'oa hatua 3 za shamari wakidhani ni magugu. Sikuwa na nguvu ya kugomba. Nikapanda giligilani nyingine palepale, maana ya zamani inaanza kufunga mbegu, na maua yakikatika hata kwa wiki moja wageni wangu wanahama.

Jua likiwa linazama nilirudi kwenye lile jani. Mtoto mmoja wa nzi, mdogo kuliko punje ya mchele, alikuwa amekiinua kidukari hewani na anakinyonya. Nikafunga uzi mwekundu kwenye shina ili msimamizi asipaguse.