Kweli Mbele ya Pilato

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii usingizi umenikimbia. Kuna kikao cha ukoo kuhusu shamba la marehemu kaka yangu, na wazee wananitaka niseme alilirudisha kwa ukoo kabla hajafariki. Hakulirudisha. Nilikuwepo alipomwandikia mkewe shamba hilo. Lakini wananibembeleza, "Mwanetu, linda heshima ya ukoo," na hofu imenishika.

Nimekimbilia Yohana 18, Yesu anapohukumiwa mbele ya Pilato, liwali wa Kirumi, na hapo nikakumbuka kipande cha sura hiyo kilichoandikwa kwenye mafunjo, karatasi ya kale ya Misri. Wanakiita P52, nacho kipo maktaba ya John Rylands, Manchester, Uingereza. Mtaalamu wa mafunjo Bernard Grenfell alikinunua Misri mwaka 1920, na mtaalamu mwenzake Colin Roberts akakitambua, kisha akakichapisha mwaka 1935. Ni kidogo, kinakizidi kitambulisho cha taifa kwa kiasi kidogo tu. Kimeandikwa Kigiriki pande zote mbili, maana kilikuwa ukurasa wa kitabu. Wataalamu wengi wanakiweka karne ya 2, wengine wanasema chaweza kuwa cha karne ya 3. Hata hivyo kimo katika nakala za zamani kabisa za Agano Jipya tulizo nazo.

Upande wa nyuma Bwana anamjibu Pilato. Mistari imekatika huku na huku, lakini "nimezaliwa kwa ajili ya haya" inasomeka. Herufi za kwanza za "nishuhudie" zipo. "Wa hiyo kweli" ipo, imepungukiwa herufi za mwisho tu. Swali la Pilato, "Kweli ni nini?", ndilo lililopotea na sehemu iliyochanika. Ni uchakavu, sijengi fundisho juu yake. Ila nimeitazama picha ya kipande kile usiku, nikapata nguvu.

Maana Pilato hakukosa kujua. Alitoka nje akatamka mwenyewe, "Mimi sioni hatia yo yote kwake," kisha akamtoa asulibiwe. Alijua, akaogopa watu.

Na sisi je? Wapendwa, niwaambie bila kuficha: wajane wanafukuzwa mashambani mwao kwa ushahidi wa watu wanaopokea Meza ya Bwana. Jumapili tunapita na kapu la sadaka, Jumatatu tunaweka dole gumba kwenye karatasi ya uongo, tukiulizwa tunasema ni busara, ni mambo ya familia. Hiyo si busara! Amri inasema usimshuhudie jirani yako uongo, na mke wa ndugu yako ni jirani yako. Bwana alisimama amefungwa mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kumwua, akasema amekuja kuishuhudia kweli. Sisi tunatishwa na shangazi kununa?

Kama umeshasaini, nenda kesho kwa mwenyekiti wa kijiji, useme jina lako na ulichokiona kwa macho yako. Ukiogopa kwenda peke yako, mwambie mchungaji au mmoja wetu hapa. Tutakusindikiza, na tutakaa nawe mpaka umalize kusema.