Mshazari ulioniponza

Jumamosi, saa tatu usiku.

Leo mwanangu wa darasa la tano kaniuliza mstatili una mistari mingapi ya ulinganifu. Nikajibu huku natafuna: minne. Akacheka mpaka akapaliwa. "Baba, ni miwili!"

Nikiri, nilinuna kidogo. Jibu hilohilo liliwahi kunipatia fimbo mbili enzi zangu, na mwalimu hakusema kwa nini nimekosa. Aliandika 2 kwa wino mwekundu, akasogea dawati la pili. Mimi nilikuwa nimepima kwa rula! Chora mshazari toka kona hadi kona, unapata pembetatu mbili zilizo sawa kabisa, pembe kwa pembe, upande kwa upande. Sasa kosa liko wapi? Nimeishi na dukuduku hilo miaka yote.

Mtoto hakubishana. Alichukua khanga ya mama yake iliyokuwa kwenye kiti, akaitandaza mkekani, akaikunja kwa kuufuata mshazari. Kona mbili zikachomoza nje, moja huku, moja kule, kama masikio ya mbuzi. "Umeona? Hazilaliani."

Basi ndiyo hiyo tu. Mimi nilikuwa nakata, wao walitaka nikunje: mstari wa ulinganifu ni ule ambao ukikunjia hapo, nusu mbili zinalaliana. Vipande vya mshazari ni sawa, ila ili kimoja kikae mahali pa mwenzake lazima ukizungushe nyuzi 180; ukikikunja hakifiki. Mraba ndio wenye minne, maana pande zake zote zinalingana na mshazari unakunjika vizuri. Msambamba, maskini, ule wa kawaida ulio kama mstatili uliosukumwa ukainama, hauna hata mmoja, ingawa nao ukiuzungusha nusu mzunguko unarudi vilevile. Duara usiseme; kila kipenyo ni mstari wa ulinganifu.

Halafu tukaigeukia khanga yenyewe. Pindo limezunguka pande zote, mji, yaani sehemu ya ndani, una ua moja katikati: ukikunja kwa urefu, sawa, kwa upana, sawa. Kinachoharibu ni jina, yale maandishi yake. Liko upande wa chini peke yake, kwa hiyo mkunjo mmoja unalilaza kwenye upande wa juu usio na jina, na mwingine unazikutanisha herufi zisizofanana. Nikamwuliza kama kuna jina lisiloharibu, walau kwa mkunjo huo wa pili. Akachukua penseli, akaanza kuandika kwa herufi kubwa. MAMA ikakataa, japo M na A kila moja peke yake inakunjika. AMA ikakubali. Baada ya kimya kirefu akaandika UTU, akaikunja karatasi katikati ya T, akainyanyua kwenye taa. U ikalala juu ya U.

Mama yake akaja kuidai khanga yake. Akaikunja pindo juu ya pindo, akaikunja tena, akaitupia begani na kwenda zake kulala.