Wiki sita za BCG kwenye kibofu

Mjukuu wangu wa mwisho alichomwa chanjo ya BCG begani akiwa na siku mbili. Mimi nilipewa BCG nikiwa na miaka 64, na haikupitia begani.

Nilikuwa naona damu kwenye mkojo. Inakuja siku mbili, inapotea wiki tatu, inarudi. Haikuniuma hata kidogo, na ndiyo maana nilikaa nayo miezi minne nikisingizia jua na uchovu wa shamba. Nilipofika hospitali mjini Moshi wakaingiza kamera kwenye njia ya mkojo, wakaona uvimbe kama kichwa cha koliflawa. Nikachomwa ganzi ya mgongoni, ukakwanguliwa kwa njia hiyohiyo bila kupasuliwa tumbo, na kinyama kikapelekwa maabara. Jibu likarudi: saratani ya kibofu, ya aina kali, lakini bado haijaingia kwenye msuli. Daktari alilirudia hilo la msuli mara mbili. Ingekuwa imeshaingia, mazungumzo yetu yangekuwa ya kuondoa kibofu chote.

Nilimuuliza kama ni kichocho, maana utotoni nimeogelea kwenye mifereji mingi. Akasema kichocho kinaweza kuleta saratani ya kibofu, ila ya kwangu ni ile inayofuatana na sigara. Sumu ya moshi inachujwa na figo halafu inakaa kibofuni ikisubiri ukakojoe. Nimeendesha lori miaka 31 na pakiti mfukoni. Sikuwa na la kubisha.

Kisha akasema tutaweka BCG. Nikamwambia, daktari, ile si chanjo ya kifua kikuu ya watoto? Akacheka. Ndiyo hiyohiyo, ila kwa kipimo kikubwa zaidi, na inamiminwa ndani ya kibofu. Ni bakteria hai waliotokana na kifua kikuu cha ng'ombe. Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, waliwakuza maabara miaka 13 mpaka ukali ukapungua, na mtoto wa kwanza akapewa mwaka 1921. Mwaka 1976 daktari mmoja wa Kanada, Alvaro Morales, akatangaza kwamba imewasaidia wagonjwa wake wa kibofu. Bakteria hao wakishika ukuta wa kibofu, askari wa mwili wanakuja kupigana nao, na humo humo wanazikuta seli za saratani wanazipiga pia. Mchaga mwenye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba hahitaji kuelezwa zaidi, nikamwambia tuanze.

Tusingeanza siku hiyo hata hivyo. Kidonda cha kukwanguliwa lazima kipone kwanza, wiki mbili hadi nne, ili bakteria wasipenye kwenye damu. Halafu dawa yenyewe ikachelewa. Viwanda vinavyoitengeneza duniani ni vichache na bakteria hukua polepole, kwa hiyo uhaba si wa kwetu peke yetu. Nilipiga simu kila Jumatatu mpaka wakanizoea sauti. Habari za bima na risiti naziacha, nitaandika kwa hasira.

Ratiba ilikuwa mara moja kwa wiki, wiki sita. Masaa manne kabla ya dawa sinywi kitu, hata chai, ili kibofu kisijae haraka na dawa isichujuke. Wanapima mkojo kwanza. Ukiwa na maambukizi au damu inayoonekana, unarudishwa nyumbani. Hilo lilinikuta wiki ya nne. Nikataka kupita duka la dawa ninunue sipro, dawa ya kuua bakteria, kama tulivyozoea, sista akanishika mkono: "Babu, usijinunulie dawa yoyote. Hiyo inaweza kuwaua na hao tuliokuwekea." Dawa ya maambukizi nikaandikiwa na daktari, na ile ya wiki ya nne nikaipata wiki ya tano.

Sasa mpira wa mkojo. Nitasema ukweli kwa ajili ya wazee wenzangu wanaokwepa kwa sababu ya aibu. Sista ana umri wa binti yangu wa mwisho. Alivuta pazia, akanisafisha, akapaka jeli ya ganzi, akaniambia nikohoe kidogo, na nilipomaliza kukohoa mpira ulikuwa umeshaingia. Kwenye tezi dume ndipo palipowaka, sekunde chache. Dawa ikashuka kwa uzito wake, baridi kidogo, chini ya robo kikombe. Mpira ukatolewa. Dakika kumi nzima, na tano kati ya hizo tulizungumzia bei ya ndizi.

Kazi ni yale masaa mawili ya kuishikilia.

Sista alinishauri nikae karibu, nilale nikigeuka kila dakika 15: mgongo, ubavu, kifudifudi, ubavu wa pili, dawa iguse pande zote. Mimi nikajibu kwa kiburi kwamba nimewahi kushika mkojo kutoka Singida hadi Dodoma. Nikapanda Haisi ya kurudi kwangu Marangu. Kwanza ikakaa stendi mpaka ijae. Halafu matuta. Kiborloni nilikuwa sawa, Uchira nikaanza kutoka jasho, Himo nikamwambia konda anishushe hapohapo. Nikaingia choo cha kituo cha mafuta ikiwa imepita saa moja na dakika 40.

Shida haikuishia hapo. Mkojo wa saa sita za mwanzo una bakteria hai. Unatakiwa ukojoe umekaa usirushe matone, umimine jiki kiasi cha vikombe viwili chooni, uache dakika 15 hadi 20, ndipo uflashi. Jiki yangu ilikuwa Marangu. Nikamwomba kijana wa pampu asiingie mtu, nikavuka barabara, nikanunua chupa dukani, nikarudi kumimina na kusimama mlangoni kama mlinzi. Yule kijana aliniangalia sana. "Mzee, umekifanya nini choo chetu?" Nikamwambia nakisafisha. Akamwita mwenzake aje aone mteja anayenunua jiki yake mwenyewe.

Kuanzia wiki ya pili nililala kwa binti yangu anayeishi Pasua, hapohapo Moshi. Aliniwekea alamu kwenye simu ya kunigeuza, na wajukuu wakaambiwa choo cha ndani ni cha babu mpaka jioni, wao watumie cha nje. Dirisha la choo lilibaki wazi, maana jiki na mkojo vikikutana vinatoa harufu inayokaba. Nawa mikono, osha na sehemu zenyewe kwa sabuni. Baada ya masaa mawili kuisha, kunywa maji mengi. Na mambo ya chumbani: mke wangu na mimi tulielezwa pamoja kwamba tupumzike siku mbili baada ya kila dawa, na siku nyingine zote za matibabu ni kondomu. Katika umri wetu! Tulicheka njia nzima.

Mara mbili za kwanza sikuhisi kitu zaidi ya kuwashwa. Nikadhani haifanyi kazi. Ya tatu ikanionyesha. Jioni ile nilikwenda chooni kila nusu saa, mkojo unachoma kama umepita pilipili, na rangi ya waridi. Saa nne usiku nikatetemeka, kipimajoto kikasema 38.2. Panadoli, blanketi, usingizi. Asubuhi homa haipo ila mwili kama nimepakua lori la saruji, na uchovu ule ulikaa siku mbili. Daktari alisema hiyo ndiyo kinga inavyofanya kazi, na kwamba dalili huzidi kadiri dozi zinavyosonga. Sikupenda kusikia, lakini afadhali nilijua. Alisema pia kuwa asiyepata homa asidhani dawa imemkataa.

Kuna homa ya kusubiri na homa ya kukimbia. Ikipita 38.5, au ikikaa zaidi ya siku mbili, au ikija na viungo kuuma, kikohozi au macho ya njano, unarudi hospitali siku hiyohiyo. Hofu yangu ilikuwa zahanati. Huku kwetu ukitetemeka unapimwa malaria, unapewa dawa, unarudi kulala, kumbe pengine bakteria wa BCG wameingia kwenye damu, na hao wanatibiwa kwa dawa za kifua kikuu. Kwa hiyo binti yangu aliandika karatasi: "Nimewekewa BCG kwenye kibofu," pamoja na tarehe. Ipo kwenye pochi nyuma ya kitambulisho. Jirani mmoja aliiona akatangaza kwamba nina TB. Wiki nzima hakuna aliyekuja kunywa mbege kwangu.

Miezi mitatu tangu dozi ya kwanza nikaingizwa kamera tena. Safari hii niliangalia kwenye skrini: ukuta wa waridi, vimishipa, na sehemu moja nyekundu iliyonifanya nishike kitanda. Wakachukua kipande. Siku tisa za kusubiri lile jibu zilinichosha kuliko dozi zote sita. Likarudi: wekundu ule umeletwa na dawa, saratani hawakuiona.

Haijaisha. Sasa ni za kulinda, dozi tatu tatu: mwezi wa tatu, wa sita, wa 12 tangu dozi ya kwanza, na kuendelea kila nusu mwaka hadi miaka mitatu kama mwili utakubali na dawa itapatikana. Za mwezi wa tatu nimeshamaliza. Zinazofuata zinaangukia kwenye kuchuma kahawa, na nimeshamwambia kijana wangu atafute vibarua mapema.