Anza na maji, si na jengo: nilivyopanga miaka 15 ya maegesho ya kivuko

Ukiwauliza watu wa kisiwani kivuko chao kinahitaji nini, wengi watataja jengo la kusubiria. Wana haki, maana jua na mvua vinawapiga wao. Hata hivyo, nilipoandaa mpango wa miaka 15 wa maegesho madogo (njia ya zege inayoteremka hadi majini, kivuko kinapoegesha) upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria, jengo niliweka awamu ya pili, na leo ningeliweka hapohapo. Huwezi kujua jengo likae wapi kabla ya kujua maji yatafika wapi.

Ziwa hili halina kupwa na kujaa kwa bahari, ila lina miaka yake. Kati ya kina cha chini cha 2006 na kile cha juu cha Mei 2020 kuna tofauti ya karibu mita 3, na 2024 maji yakapanda tena. Kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 8, mita hizo 3 zinasogeza ukingo wa maji kwa mita 24. Maegesho mengi huzama au hubaki juu makavu kwa sababu yalipimwa kwa maji ya mwaka wa ujenzi tu. Abiria wanaishia kushuka majini hadi magotini, na katika ziwa hili hiyo ni njia ya kupata kichocho.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuchimbia bolti ya chuma kwenye mwamba usiotikisika iwe alama ya kudumu, kisha kuioanisha na rekodi za Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Kando yake nilisimamisha rula ya maji inayosomwa kila siku saa 1 asubuhi, kabla upepo haujaamka. Wazee walituonyesha maji yalipofika zamani. Nilizipima alama zao zote, nikatumia zile tu zilizokubaliana na rekodi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mita 3.5 za kupanda na kushuka kwa maji (zile 3 na akiba kidogo), nusu mita juu kwa ajili ya mawimbi, mita 1 chini ili kivuko kisiguse mchanga ziwa likikauka: jumla mita 5, yaani urefu wa mita 40 kwa mteremko wa 1:8. Mteremko wa 1:10 ungewafaa zaidi wenye mikokoteni, lakini unadai mita 50, na mita 10 za ziada zinaangukia majini ambako ujenzi ni ghali kuliko pote. Nilibaki na 1:8 kwa magari, nikatenga pembeni njia ya miguu ya mita 2 yenye vyuma vya kushikilia.

Panapoharibika kwanza ni ncha ya chini. Nahodha huacha injini ikisukuma kivuko kisirudi nyuma wakati wa kupakia, na maji ya propela yanachimba mchanga chini ya zege. Zege likikosa kitu cha kulalia, hupasuka siku lori zito linapopita. Dawa yake ni mbili pamoja: ncha iwe na kisigino cha zege kinachozama sentimita 80 ardhini, na mbele yake kuwe na gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Pia weka nguzo imara za kufungia kamba, ili injini isiwe ndiyo kamba.

Usimwage zege moja kwa moja majini. Saruji inasombwa, kokoto zinabaki. Tulipanga mabamba ya mita 3 kwa 1, unene sentimita 25, yafinyangwe nchi kavu na kukomaa siku 28. Kila moja lina nondo za milimita 12 kila sentimita 20, tabaka mbili, zikifunikwa na zege la sentimita 5. Uzito ni kama tani 1.8, kwa hiyo linashushwa kwa winchi ya mkono ya tani 3 juu ya reli za chuma, bila kreni. Juu yake chora mifereji ya kina cha sentimita 2 iliyolala mshazari, la sivyo mwani utaangusha watu.

Jengo sasa. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo ofisi na vyoo vikae nyuma ya hapo, tena ukingo upimwe kwa maji ya juu. Chumba cha mwisho kabla ya maegesho kisipokee zaidi ya abiria wa safari moja, na wahesabiwe getini. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kilikuwa kimebeba watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake wa abiria 101. Geti hilo likawa sharti la awamu ya kwanza, hata kama jengo lenyewe ni turubai kwa miaka mitatu.

Awamu ya tatu ni taa za sola na njia ya pili ya magari. Mabomba matupu ya nyaya yanafukiwa tangu awamu ya kwanza, kabla zege la njia halijamwagwa, na ncha zake zinazibwa vizuri panya wasiingie.