Nilivyopata wa kuwauliza

Nilikuwa na miaka sita kwenye kazi ya lishe, mingi nimeitumia wodi ya watoto, siku nilipoletewa binti wa kidato cha tatu mwenye kilo 34. Alishapimwa TB, VVU na vidonda vya tumbo, akapelekwa na kuombewa, hakukuonekana kitu. Kumbe alikuwa na anoreksia, maradhi ya akili ya kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa. Mapigo ya moyo 44 kwa dakika, na bado ananiuliza kwa uchangamfu ndizi moja ina kalori ngapi. Nami, kwa ujinga wangu, nikamtajia.

Nikampangia uji wa maziwa, mayai, ugali na samaki, mara tano kwa siku. Mtoto mwenye utapiamlo mkali nisingemfanyia hivyo hata kwa bahati mbaya. Yule tunamwanzishia F-75, maziwa yenye kalori 75 tu kwa mililita 100, kidogo kidogo, maana mwili uliozoea njaa ukijazwa chakula ghafla, madini ya kwenye damu huporomoka na moyo unaweza kusimama. Hilo nalijua hata nikiamshwa usingizini. Ila huyu alikuwa msichana wa bweni, ana madaftari yake kitandani, kucha kazipaka hina, na kichwa changu hakikumhesabu pamoja na wale watoto. Siku ya tatu miguu ikavimba. Daktari wa zamu akaagiza kipimo cha fosfati, mojawapo ya madini hayo ya damu, ambacho maabara yetu haikuwa nacho. Sampuli ikapelekwa nje kwa bodaboda, na jibu likaonyesha imeshuka vibaya. Tulimuwahi.

Nilipotaka tujadili yaliyotokea, mkubwa wangu mmoja akaniambia, "Hayo maradhi ya Wazungu, mpeleke kwa watu wa saikolojia." Wa saikolojia naye hakuwahi kumwona mgonjwa wa anoreksia. Tukabaki kutazamana.

Ndipo nikaanza kuwatafuta wenye kazi hii. Nikakutana na Academy for Eating Disorders, chama cha wataalamu wa maradhi ya ulaji kilichoanzishwa Marekani mwaka 1993, kinachokutanisha madaktari, wanasaikolojia, watu wa lishe na watafiti. Wana mwongozo wa matibabu unaopakuliwa bure, na mle ndani kosa langu limeelezwa kama vile mwandishi alisimama nami pale wodini. Lakini mwongozo huwezi kuupigia simu. Nikamwandikia barua pepe mtaalamu mmoja, naye akaniingiza kwenye kikundi chao cha ushauri, kinachokutana mtandaoni Alhamisi ya pili ya kila mwezi. Kila mmoja anakuja na habari za mgonjwa mmoja, bila jina wala shule. Kwetu inakuwa saa mbili usiku. Novemba ya kwanza niliingia nikakaa peke yangu nusu saa, nikadhani nimeondolewa. Kumbe Wamarekani wamerudisha saa zao nyuma na kikao kimehamia saa tatu.

Walinikataza kutaja kalori. Kuhusu kumwonyesha binti uzito wake au kumgeuzia mzani mgongo, walibishana wenyewe kwa wenyewe, na kusema kweli hilo lilinituliza zaidi ya majibu yao yote. Wakanieleza pia tiba iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, ambayo wazazi ndio wanaoshika usukani wa chakula mpaka mtoto arudishe uzito. Nikawaambia mama yake anatoka alfajiri kwenda kuuza vitenge na anarudi giza limeingia. Kimya. Kisha mwenzetu wa India akauliza, "Bibi yupo?"

Yupo. Bibi akaletwa kutoka Tanga, akawa anaketi mkekani na mjukuu kila mlo. "Mie sina haraka, mjukuu wangu," anamwambia, na sahani imeshapoa.

Siku moja kliniki, muuguzi akampokea kwa furaha: "Hee, umenenepa, hongera!" Kwetu hiyo ni salamu. Binti hakula siku mbili. Wale wa Alhamisi walisikitika, ila sidhani walielewa ugumu wa kulizuia neno hilo kwenye korido ya hospitali. Hapo ndipo tukaanzisha kikundi chetu cha WhatsApp, watu tisa, Dar, Moshi, Mwanza na Mombasa.

Tulianza kutafsiri SCOFF, maswali matano ya Uingereza ya kubaini maradhi ya ulaji, yaliyochapishwa mwaka 1999. Mgonjwa akijibu ndiyo mawili, achunguzwe zaidi. La kujitapisha halikutusumbua. La kupungua uzito limepimwa kwa "stone", kipimo cha uzito cha Waingereza, tukaweka kilo sita. La tano linauliza kama chakula kimetawala maisha yako. Nikalijaribu kwa mama mmoja kwenye foleni, akacheka: "Dada, ya nani hakijatawala?" Tukabadilisha: "Unawaza chakula kutwa nzima?" Mombasa wakasema hata mwenye njaa atajibu ndiyo. Sasa tunajaribu "Unawaza chakula kutwa nzima hata ukiwa nacho?", na mwenzetu wa Moshi ameshatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne kulipinga.