Siku moja maishani mwangu: mtu wa maabara, saa kwa saa

Saa moja asubuhi nishavaa koti na glavu. Kabla sijagusa sampuli ya mtu naanza na kontroo, ile tunayojua ni pozitivu na ile tunayojua ni negativu. Zisipotoka inavyotakiwa hakuna jibu litakalotoka hapa.

Saa mbili foleni imejaa, wengi malaria. Kipimo cha haraka kinatafuta antijeni, yaani kitu cha kimelea chenyewe, mara nyingi protini inayoitwa HRP2, na hii protini inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Sasa leo kuna dada kamaliza dozi wiki iliyopita, homa hana, na mstari umetokea. Siwezi kuandika pozitivu tu nikaishia hapo jamani, nimeweka slaidi kwenye hadubini, nimetafuta weee, hakuna kimelea hata kimoja.

Saa nne makundi ya damu, kazi ninayoipenda kuliko zote. Unaweka tone la anti-A, yaani maji yenye kingamwili (askari wa mwili) dhidi ya A, unachanganya na damu, unainamisha kigae huku na huku, mara damu inakatika vidonge vidonge kama maziwa yaliyoganda. Hapo kingamwili zimezishika antijeni A za chembe nyekundu na kuzivuta pamoja, kwa macho yako unaona! Karl Landsteiner ndo alieleza makundi haya mwaka 1901. Halafu napima upande wa pili, plazima, ile sehemu ya majimaji ya damu, maana mtu wa A lazima awe na kingamwili dhidi ya B, pande mbili zisipokubaliana narudia yote, damu ya kuongezewa mtu si ya kubahatisha.

Saa sita ELISA, kipimo kinachotoa jibu kwa rangi, sahani ya visima 96. Kuosha ndo kila kitu, kimeng'enya, kile kinacholeta rangi, kikibaki kisimani bila kushikwa na kitu kinatoa rangi ya uongo.

Saa nane kaja kijana kupima VVU, hofu yake ni ya juzi. Kipimo cha kingamwili: negativu. Nikamwambia taratibu, mdogo wangu, jibu hili halisemi chochote kuhusu juzi, mwili unahitaji wiki kadhaa kutengeneza kingamwili za kutosha kuonekana, hata kwa mashine inayotafuta na antijeni ya p24, protini ya kirusi chenyewe, bado ni mapema. Ila saa 72 hazijapita, dawa za kuzuia maambukizi bado zinawezekana, nimeacha kila kitu nikampeleka mwenyewe kwa daktari, dozi ya kwanza kameza palepale na tarehe ya kurudi kupima kaandikiwa.